Ahsante dada wa duka la mvinyo

Jamani yule dada wa duka la mvinyo hapa Mjini, Mungu amlipe. Bosi kanituma chupa ya wageni na mie sinywi, nimeganda mbele ya rafu sijui nishike ipi. Hakunicheka wala hakunisukumia ya bei mbaya, kaniuliza kwanza wanakula nini na nina shilingi ngapi, nikamwambia samaki changu wa kuchoma, basi kaziacha nyekundu nzito kanipa nyeupe, Sauvignon Blanc ya Afrika Kusini, akanionesha mwaka kwenye lebo, nyeupe kama hii hunywewa ingali changa. Ya dirishani inayopigwa na jua kasema niiache hata ikishushwa bei. Na kifuniko cha kuzungusha si ubovu, kumbe! Wauzaji wengine muulizeni mteja hivyo hivyo. Bosi kashataka nyengine, dada nakuja.