Mpira wangu wa njano uko uvunguni kwako

Iyumbu, Dodoma
Jumamosi usiku

Shoga yangu Tatu,

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Haya, umecheka? Kama umecheka, endelea kusoma. Kama hujacheka, mpe Dulla maji ya kunywa, usimfukuze. Yeye mbeba barua tu, na Jumanne anageuza na treni.

Najua utashangaa, siku hizi nani anaandika barua. Nilikupigia mwezi wa saba, simu ikaita mara moja ikakata. Nikajua nimeshafungiwa. Nilistahili. Nitafika huko, usinikimbize.

Kwanza Nairobi, yale mashindano ya bolingi, ule mchezo wetu wa kubingirisha mpira mzito kwenye leni uangushe pini kumi. Nasikia Kisura kakupa habari zote, kwamba niliibiwa, kwamba leni zilichezewa ili wenyeji wapite. Maneno hayo nilimwambia mimi mwenyewe, nikiwa stendi na njaa na hasira zangu, basi limechelewa. Hakuna aliyeniibia. Nimeshindwa na pini moja, mwenzangu. Pini ya 10.

Ngoja nianze vizuri.

Nilikwenda kwa basi, kupitia Kondoa, Babati, Arusha. Mpira niliuweka miguuni, maana utingo alitaka kuurusha kwenye buti juu ya magunia ya alizeti ya watu. Jirani yangu kwenye siti alikuwa mzee mmoja, akauangalia ule mfuko mpaka Bereko, haulizi. Tulipofika Babati ndipo akashindwa: "Binti, hilo tikiti mbona zito hivyo?" Mpakani ikawa kubwa zaidi. Afisa akafungua mfuko, akaingiza vidole viwili kwenye matundu, akaona raha, akaingiza na gumba. Gumba likanasa. Si unajua matundu yangu yalivyotobolewa kwa mkono wangu? Foleni yote nyuma ikawa inasubiri kidole cha serikali kitoke kwenye mpira wangu. Kikatoka kwa mate.

Mtaani kwangu ndiyo hawanielewi kabisa. Niliposema naenda kwenye mashindano ya bolingi, Mama Chausiku akasikia bolingo, akasambaza kwamba mtumishi wa umma mzima naenda Nairobi kucheza dansi la Kikongo. Mpaka leo bodaboda wa pale njia panda wananiita Mama Bolingo, na mimi naitika, maana nikikasirika watanipandishia nauli.

Mazoezi? Usiulize. Tangu wizara ituhamishie huku, leni zangu mimi ziko huko Dar, na kwenda na kurudi kila Ijumaa kwa mshahara huu hapana, hata treni iwe na mbio kiasi gani. Jirani alianza kujenga ukumbi wa harusi, fedha ikamwishia kwenye lenta. Sakafu anayo, tena nzuri. Nikapima futi 60 kwa kamba, nikapanga chupa kumi za maji za lita moja na nusu nimezijaza mchanga. Watoto wa mtaa ndio mashine yangu ya kusimamisha pini, malipo yao ubuyu. Sementi imeula ule mpira wa zamani mpaka unafanana na kisigino cha mtu asiyejua mafuta ya kupaka. Shabaha ilikuja, siwezi kusema uongo. Ila sementi haina mafuta, na mchezo wote kumbe uko kwenye mafuta.

Hapa kaa chini nikueleze. Huko kwetu Dar tulikuwa tunadekezwa. Wanajaza mafuta katikati, pembeni wanaacha pakavu. Ukiukosea mpira ukaenda nje, ukavu unaushika na kuurudisha kundini. Ukiukosea ndani, mafuta yanauteleza unafika palepale. Mimi na wastani wangu wa pointi 190 kwa mchezo nikajiona fundi. Fundi alikuwa yule kijana anayepaka mafuta asubuhi!

Kule Nairobi mafuta yamelala sawasawa, kutoka mfereji wa pembeni huu mpaka ule, futi kama 40, halafu ukavu mpaka kwenye pini. Na hayaonekani. Leni ina mbao 39, upana wake mita moja na vidole viwili vitatu, na mafuta yote waliyoyapaka humo hayajazi hata kikombe cha kahawa. Unainama, unachungulia, unaona taa tu zinang'aa. Mpira peke yake ndio unajua. Unauachia, sekunde mbili na nusu, unasomewa hukumu. Ukikosea ubao mmoja hakuna wa kukurudisha.

Halafu yanahama. Kila mpira unaopita unanyonya kidogo, unayakokota mengine mbele. Mchezo wa kwanza mpira wangu ulichelewa kukata, yaani kupinda kuelekea pini, nikasogea. Wa tatu ukaanza kukata mapema, nikasogea tena. Tulikuwa watano kwenye jozi ile ya leni, wanne wa mkono wa kulia, tunachimba njia moja kama ng'ombe wanaokwenda bwawani. Wa tano mama mmoja wa Afrika Kusini, rika la mama yangu mdogo, mashoto. Yeye ana upande wake peke yake, mbichi, haujakanyagwa na mtu. Nilimwonea wivu mpaka nikajisikia vibaya. Alikuwa na mipira mitano ndani ya begi la magurudumu, anaipanga kama mama anayetoa sufuria za shughuli. Kila pini ya pembeni ikimbakia, anaweka chini ule wa kukata, anajifuta mikono, anachukua wa plastiki. Tap. Anarudi kukaa. Kila mara, Tatu. Siku mbili nzima.

Vijana nao sasa wote wanarusha kwa mikono miwili, kama yule Jason Belmonte wa Australia mwenye mataji makubwa 15. Sisi wa mkono mmoja tunaonekana kama makarani wa taipureta. Na gumba langu nalo! Upepo wa huku mwezi wa nane unapasua ngozi, nikafika Nairobi na ufa kwenye gumba, nikaziba kwa plasta, plasta ikavimba kwa jasho, kila baada ya fremu mbili, zamu mbili za kurusha, natoa tepu moja kwenye tundu, naongeza nyingine. Usiku hotelini nilipaka mafuta ya nazi kama mjinga. Asubuhi mpira ukanitoka mkononi kabla ya mstari wa faulo, paa, watu wote wakageuka.

Lakini hayo yote ni maneno. Watu walikuwa na magumba yao na mafuta yaleyale. Michezo ilikuwa 12, 16 wa juu wanaendelea. Nilimaliza na wastani wa 171. Usicheke, kuna wa 200 wa kwao waliotoka na 160.

Mchezo wa 12, fremu ya 10, ya mwisho. Nilikataa kuangalia kioo cha matokeo, ila yule mama wa Afrika Kusini aliacha ghafla kunisemesha, nikajua nipo karibu. Mpira wa kwanza niliuachia vizuri, huenda ndio mzuri kuliko wote niliorusha mwaka huu. Ukaingia kati ya pini ya 1 na ya 3, ule mlio wa vyungu kuvunjika, nikageuka kabla haujamaliza kazi, kwa kiburi, unanijua. Nikasikia watu wamenyamaza. Kugeuka tena, tisa zimelala, ya 10 imesimama. Pini ya 6 ilikuwa imelala mferejini mbele yake kama mlevi aliyefika mlangoni akashindwa kubisha.

Sasa wewe unajua pini ya 10 ilipo. Pembe ya kulia, mwisho kabisa. Na mpira wangu wa kukata, kwa mkono wangu, unapenda kushoto. Ungekuwa wa plastiki, ninasimama kushoto, narusha mshazari, unanyooka kama mtoto aliyetumwa chumvi. Wa plastiki sikuwa nao. Nikabana kiwiko, nikakaza kifundo usizunguke. Ulikwenda vizuri, Tatu. Ulinyooka mpaka mafuta yalipoishia, nikaanza hata kupumua. Halafu ukakumbuka tabia yake. Ukaipita pini kwa kushoto, nafasi ya kupitisha daftari.

Nilikosa kuingia 16 kwa pini saba. Piga hesabu mwenyewe. Hiyo moja, na mpira mmoja wa nyongeza unaopewa baada ya spea, ukizimaliza pini zote kwa mpira wa pili. Kwa mpira wa nyongeza hata Mama Chausiku anaangusha saba.

Nilikaa pale naondoa plasta kidoleni, kichwani namwona Pete Weber, ile fainali ya US Open ya bolingi ya 2012 tuliyokuwa tukiirudia kwenye simu yako yenye kioo kilichopasuka. 215 kwa 214, mpira wa mwisho. Yeye alihitaji straiki pale, pini zote kwa mpira mmoja, mbele ya kamera zote, akaipiga, akapayuka kama mwehu. Mimi nilihitaji pini moja imesimama peke yake. Yule mama akaja akakaa karibu nami, akafungua begi lake, akauliza kwa upole, mpira wa spea umeusahau nyumbani? Nikasema ndiyo.

Uongo. Sikuusahau. Uko uvunguni mwa kitanda chako tangu Krismasi, umefungwa kwenye taulo la bluu, na nilikuwa nakumbuka kila siku kwamba uko pale. Dulla alikuja Dar mara mbili kabla sijasafiri. Ningemtuma tu. Ile simu ya mwezi wa saba ilipokata, unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nikasema si unaona, nimejaribu, yeye ndiye hataki. Nikaenda Nairobi na mpira mmoja ili nisije nikakuomba kitu.

Basi nimefika. Ulichelewesha zamu yako ya kulipa kwenye mchezo, ule wetu wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, siku tisa. Siku tisa! Kuna watu kwenye lile kundi wana miezi, na tunawapigia makofi wakipokea. Mimi nikaandika pale watu 22 wanasoma, kwamba wengine tukishapokea tunasahau namba za simu za wenzetu. Tena nikaweka kile kikaragosi kinachocheka. Sikujua mama yako amelazwa. Na hata kama asingekuwa amelazwa... hapana, hiyo sentensi siimalizii, maana kila nikiianza naona inanitetea. Niliona ulivyosoma, alama mbili za bluu, halafu ukatoka kwenye kundi bila neno. Kisura ndiye aliyeniambia habari za hospitali, wiki mbili baadaye, na hata hapo nilinyamaza. Nisamehe, Tatu. Ningeweza kuliandika hili juu kabisa nikaokoa karatasi, lakini mkono uliandika Nairobi kwanza.

Dulla amebeba zabibu, kikapu kimoja, za Mpunguzi, zimekolea jua mwaka huu. Osha vizuri, vumbi la huku halina adabu. Nyeusi ni za mama, laini zaidi. Asikwambie kikapu kilikuwa nusu, nimekijaza mwenyewe.

Ninachoomba ni mpira. Mwezi wa tatu kuna mashindano mengine kulekule, ada nimeshaanza kuweka, na sitaki kumkuta yule mama nikiwa na mpira mmoja tena. Mpe Dulla Jumanne. Au usimpe. Treni si inafika huku kabla chakula cha mchana hakijapoa? Panda nao mwenyewe, nitakupokea stesheni, tutalala kwangu, nitakuonyesha ukumbi wangu usio na paa. Watoto watakupangia chupa, uje na sarafu za ubuyu.

Mama anaendeleaje, anatembea? Dawa anapata bila shida, au kuna kitu nitume? Ile zamu yako, nani alikuongezea mpaka ukailipa, maana najua hukuwa nayo? Ulikopa? Wapi? Ni kweli anachosema Kisura kwamba Zuu anaukalia mpira wangu akiangalia katuni? Ule ufa mdogo karibu na tundu la gumba umeongezeka? Unaenda bado kwenye leni siku za Ijumaa, na kama unaenda, unarusha na nani? Umepata wastani gani, niambie ukweli, umenipita? Na simu, utanifungulia lini?

Dulla anapiga honi hapo nje, anasema geti la stesheni halimsubiri mtu.

Wako,
Neema

Nyuma ya barua: ukimpa, usiutie kwenye kiroba. Ule wa kwanza ulitobokea Kimara, ukashuka kwenye ngazi za daladala kabla yangu.