Barua ya wazi kwa mjomba aliyeacha kutabiri mvua

Mjomba, shikamoo.

Nimeambiwa kwamba siku hizi wakulima wenzako wa Kimbiji wakija kukuuliza wapande lini, unawajibu wakaulize simu. Eti umekata shauri hivyo tangu vuli ya 2023, uliposema mvua itakuwa ya kawaida, ikaja ile iliyoozesha mihogo mabondeni. Nakuandikia hadharani kwa sababu wazee walionyamaza kama wewe wako wengi, na kunyamaza kwenu ni hasara yetu sote.

Mvua ile haikuwa na dalili ambayo mti au ndege wa Kimbiji angekuonyesha. Maji ya Bahari ya Pasifiki yalikuwa yamepata joto kupita kawaida, ndiyo hiyo El Niño, na Bahari ya Hindi nayo upande wetu ikawa na joto kuliko upande wa mashariki. Mambo hayo mawili yakikutana, vuli ya Afrika Mashariki hufurika. Mamlaka ya Hali ya Hewa waliliona jambo hilo kwenye vipimo vya baharini, wakatangaza mapema. Lilianzia mbali mno na upeo wa macho yako, basi usijihukumu kwalo.

Lakini chukua kilimia, lile kundi dogo la nyota. “Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.” Nimeufikiria sana msemo huu. Mwishoni mwa Aprili nyota zile huwa chini kabisa upande wa magharibi jua linapotua. Mei hazionekani, maana jua limesimama upande wao. Juni zinachomoza mashariki kabla ya alfajiri. Kwa hiyo huku pwani kilimia huzama masika yakiwa yamepamba moto, na huzuka kipupwe kimeingia. Nusu hiyo ya msemo hutimia karibu kila mwaka. Ni kalenda, tena kalenda nzuri, sawa na miongo, yale makumi ya siku ambayo wazee wa pwani huyahesabu tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Waswahili.

Nusu nyingine ni jambo jingine kabisa. Inadai kwamba masika yakikawia, kilimia kikazama juani, basi mvua itakuja nyuma yake. Huo sasa ni utabiri, na utabiri hupimwa kwa miaka. Simjui mtu aliyekitazama kilimia kikizama mara nyingi kuliko wewe. Je, miaka ya namna hiyo mvua ilikuja kweli? Mimi nikitaka kuhakikisha siwezi: hapa Mbagala taa ni nyingi, kilimia chenyewe nakiona kwa taabu. Kimbiji bado mna giza la kutosha, ingawa kwa jinsi viwanja vinavyopimwa sijui mpaka lini.

Na miembe je? Ulitufundisha kwamba ikibeba maua kupita kiasi, mvua itakuwa haba. Mwembe huchanua vizuri ukipata kipindi kikavu, na mvua ikiyakuta maua, ukungu huyaua yakapukutika. Kwa hiyo mti unasimulia zaidi ukavu uliopita kuliko mvua ijayo. Sisemi ni uongo. Huenda mwaka ulioanza kwa ukavu huendelea hivyo hivyo. Nasema hatujui mpaka mtu aandike.

Kuna moja ninaloligomea: “Mvua ya kwanza ni ya kupandia.” Leo mtu ananunua mbegu dukani kwa fedha ya kukopa, mvua inanyesha siku mbili, kisha jua kali wiki tatu, mbegu zote zimekufa. Wewe mwenyewe hukuwa ukiufuata. Ulikuwa ukichimba kwa jembe kwanza, uone unyevu umezama kiasi gani, na hata hapo ulipanda nusu ya shamba tu. Hilo ndilo wale vijana wanalolihitaji kutoka kwako, na simu haiwezi kuwachimbia udongo. Taarifa ya msimu inasema “wastani hadi juu ya wastani” kwa mkoa mzima, ikilinganisha na miaka thelathini iliyopita. Ni habari ya kweli na waisikilize. Lakini haijui kwamba shamba la bondeni kwako linatuama maji wakati la juu bado linatoa vumbi.

Sasa ombi langu. Wiki ijayo naleta daftari na kipima mvua cha plastiki, tukisimike mbali na minazi. Daftari lina safu nne: tarehe, ulichokiona, ulichokitarajia, na mvua iliyonyesha kwa milimita. Wewe sema, mjukuu wako wa darasa la sita ataandika. Siku ulizokosea nazo ziandikwe, bila kufuta. Muanze na ndege dudumizi, maana wazee wa Kimbiji wote wanaapa kwamba akilia mvua haiko mbali, na huyo hatungoji mwaka mzima kumpima: kila akilia, mwandike, kisha mhesabu siku mpaka mvua inyeshe. Kaskazi ikianza kulegea mwezi Machi, andikeni pia siku kusi iliposhika.

Nikija, wale vijana waliokuwa wakikuuliza nitawaomba nao waje.