Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kijana apimwe na aambiwe jibu

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Tunakusalimu kwa heshima.

Vyuo vinafunguliwa, na vijana wamepanga foleni tena na fomu za uchunguzi wa afya. Uzito unaandikwa, urefu unaandikwa, muhuri unagongwa. Kijana anaondoka bila kuelezwa namba zile zina maana gani. Mpango wa Taifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulizinduliwa 2019, tukaahidiwa kinga. Mheshimiwa, kinga inaanzia hapo dirishani.

Asiyeambiwa hujipima kwa midomo ya watu. Akipungua, mtaa unanong'ona kwamba ameathirika. Akinenepa, wanasema amenawiri. Chukua wasichana wawili wa mita 1.60, mmoja kilo 54, mwingine kilo 70. Zidisha 1.60 kwa 1.60, upate 2.56, kisha gawa kilo kwa hiyo; jibu ndilo BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Wa kwanza ana 21.1, yuko vizuri kabisa ndani ya kiwango kinachofaa cha mtu mzima, kati ya 18.5 na 24.9. Wa pili ana 27.3, uzito umezidi. Lakini wa kwanza ndiye anayejiona mgonjwa. Wa pili haoni sababu ya kupunguza soda wala kupima presha.

Yule wa kilo 54 ndiye mteja wa vidonge vya kunenepa, vinavyouzwa kwenye kijibahasha kisicho na jina. Mara nyingi ni siproheptadini ya miligramu 4, inayoleta njaa na usingizi, pamoja na deksamethasoni ya miligramu 0.5. Hiyo ya pili hujaza uso, hupandisha sukari na presha, na ikitumika kwa wiki kadhaa hulaza tezi zilizo juu ya figo. Akiacha ghafla, presha inaweza kuporomoka akazimia. Ni dawa ya cheti cha daktari! Inauzwaje kama pipi?

Anayejiona mnene naye hunywa chai ya kupunguza tumbo yenye sena. Anaharisha, maji na potasiamu vinatoka, mizani inashuka, mafuta yamebaki palepale.

Hata kupima kwenyewe kunaharibiwa. Mizani inawekwa juu ya mkeka, hairudishwi kwenye sifuri, viatu havivuliwi, urefu unaulizwa tu kwa mdomo. Rasta zilizofungwa utosini zikiongeza sentimita 5, msichana wa kilo 67 na mita 1.60 anashuka kutoka 26.2 hadi 24.6, na tatizo linafutika kwenye karatasi.

Tunaomba fomu iongezwe kisanduku cha jibu la BMI, na kingine cha kiuno, kinachopimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Mwanamke akifika sentimita 80, mwanamume 94, apimwe presha na sukari siku hiyohiyo.

Na muhuri usigongwe kabla kijana hajaambiwa jibu lake. Hilo tu, Mheshimiwa. Aambiwe.

Wataalamu wa lishe