Heri ya Ganesh Chaturthi, na salamu kwa wenye magazeti

Ndugu na majirani zetu Wahindu, mlioko Pune na Mumbai na nyinyi wa huku kwetu pwani, heri ya Ganesh Chaturthi! Mgeni wenu Ganpati, yaani Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, amefika. Akae nanyi salama, na riziki zenu zifunguke.

Kila nikisikia ngoma za siku hizi namkumbuka mwenye gazeti mmoja wa India aliyepinga utawala wa Mwingereza, Bal Gangadhar Tilak. Januari 1881, yeye na walimu wenzake wa Pune, akina Agarkar na Chiplunkar, walianzisha magazeti mawili: Kesari kwa Kimarathi, lugha ya huko kwao, na Mahratta kwa Kiingereza. Fedha hawakuwa nazo. Inasimuliwa kwamba masanduku ya herufi za madini ya risasi, za kupigia chapa, waliyabeba wenyewe mabegani kuyapeleka kiwandani. Mwaka uliofuata tu, Tilak na Agarkar walikuwa jela kwa kesi ya kashfa.

Lakini gazeti lina mpaka wake: asiyejua kusoma humfikii, labda asomewe. Ndipo mwaka 1893 Tilak akaishika sikukuu hii, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya majumbani, akaihimiza itoke barabarani. Sanamu ya mtaa mzima, nyimbo, hotuba, maandamano hadi majini. Serikali ya Mwingereza ilisita kuingilia ibada, na humo humo siasa ikapenya. Tusifiche pia kwamba mwaka huo Bombay ilikuwa imetoka kwenye ghasia za Wahindu na Waislamu, na wapo waliosema sherehe hizo zilizidisha ufa. Nadhani walikuwa na hoja. Agarkar naye alikuwa ameshaondoka Kesari, kwa kuwa alitaka kurekebisha jamii kwanza, siasa baadaye.

Mwaka 1908 makala za Kesari zilimponza Tilak: kifungo cha miaka 6, akapelekwa Mandalay, Burma. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo Bombay waligoma siku 6, siku moja kwa kila mwaka wa kifungo. Wengi wao, naamini, hawakuwahi kusoma hata mstari mmoja wa gazeti lake.

Basi sherehekeeni kwa amani, watoto waangaliwe siku ya kuzamisha sanamu, na zile za udongo ndizo bora kwa bahari yetu. Modak, vile vitamu vya sikukuu vyenye nazi na sukari guru, navisubiri. Jirani yenu sijahama. Ganpati Bappa Morya!