Mgonjwa wa kisukari akinuia kufunga wodini

Mhariri,

Ramadhani ikiingia, wodi zetu za Lindi na Mtwara huona jambo hili: mgonjwa wa kisukari anakatazwa kufunga, anaitikia kwa kichwa, kisha kikombe cha uji anakisukuma chini ya kitanda. Muuguzi anamchoma insulini, dawa ya kushusha sukari, ile ya kabla ya chakula. Haipiti saa nyingi, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki. Sukari imeshuka.

Wauguzi wenzangu, tusianze na katazo. Tuulize, "Bibi, umenuia kufunga?" Akikubali, sindano isubiri, daktari aitwe apange dozi upya. Kupima sukari kwa tone la damu kidoleni hakubatilishi saumu. Shehe akilisema hilo, linapokelewa upesi kuliko tukilisema sisi. Sukari ya damu ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (kizio cha mashine ya kupimia) au ikipita 16.6, afungue papo hapo, hata adhana ya magharibi ikiwa imekaribia. Iliyoshuka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Huyo ni wa dripu.

Nanyi ndugu mnaoleta daku, leteni ugali wa mtama na kunde, si chai yenye sukari na maandazi.

Muuguzi, Lindi