Redio za mkononi hazivuki migongo ya Mlima Elgon

Mhariri,

Kila maporomoko yanapotokea Bududa au Bulambuli, wilaya za mashariki mwa Uganda, ushauri wa kwanza huwa kuzigawia kamati za maafa redio za upepo za mkononi. Kwa kijiji kimoja zinafaa sana. Lakini redio ya VHF (masafa ya juu sana, ambayo mawimbi yake huenda moja kwa moja) ya wati 5 huhitaji njia iliyo wazi: mgongo wa mlima ukikaa katikati, wa upande wa pili hasikii kitu, hata ukiongeza wati. Bila ripita, yaani kituo cha kupokea na kurusha upya, kileleni, yenye sola na betri zake, sauti inabaki bondeni.

Kinachovuka milima ni HF, yaani mawimbi mafupi, iliyorushwa juu wima. Wimbi la megahezi 7 hupanda hadi ionosfia, tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi, likarudi chini kama manyunyu, likaenea kilomita 300 hivi pande zote. Mchana, redio ya wati 100 iliyoko Bududa inaweza kufika Mbale na Kampala bila mnara wowote.

Antena yake ni waya tu, wa nusu ya urefu wa wimbi, unaogawanywa katikati pale unapoungwa na kebo ya redio. Masafa ya dharura ya redio za ridhaa (za watu binafsi wenye leseni, si za biashara) katika Kanda ya 1 ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ambamo Uganda imo, ni megahezi 7.110. Kwa urefu wa waya, gawanya 142.5, namba ya mafundi, kwa 7.11: unapata mita 20, yaani 10 kila upande. Kata 10.3 kwanza, pima SWR (kiasi cha nguvu ambacho antena inakirudisha kwenye redio), kisha punguza. Kila sentimita 10 unazotoa kila upande hupandisha masafa ya antena kwa kilohezi 70 hivi. Kimo kiwe mita 4 hadi 6. Ukiipandisha mita 20, nguvu nyingi hulala kuelekea mbali na wilaya jirani zinakukosa. Migomba haifai kuwa nguzo. Funga kwenye mikaratusi, na kamba iwe na ulegevu, maana mti ukiyumba waya hukatika.

Usiku, hasa kuelekea alfajiri, megahezi 7 huweza kuzimika kwa umbali mfupi. Hapo tumia megahezi 3.760, waya wa mita 19 kila upande, na uvumilie kelele za radi. Radi yenyewe ikikaribia, chomoa antena. Kwa hiyo taarifa za nyufa mlimani au mto unaopanda zitumwe mapema, mvua isisubiriwe ikolee.

Vituo vingi hufa kwa sababu ya waya mwembamba wa betri. Redio ya wati 100 huvuta ampea 20 hivi inaporusha. Betri ikiwa mita 3 kutoka kwenye redio, waya wa milimita 2.5 za mraba hupoteza volti 0.8, betri ya 12.2 inafika ikiwa 11.4, na redio nyingi hujizima hapo. Wa milimita 6 hupoteza 0.35 tu. Fundi atalaumu betri, na betri mpya itanunuliwa bure.

Masafa haya ya ridhaa ni ya wenye leseni ya UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Kamati isiyo na mwanaridhaa iombe masafa yake yenyewe na kukata waya kulingana nayo. Kanuni za ITU, kifungu cha 25.9A, zinazihimiza serikali kuwawezesha wanaridhaa kujiandaa kwa maafa. Ofisi ya Waziri Mkuu ianze na kituo kimoja kila makao makuu ya wilaya za Elgon na kingine Kasese, magharibi mwa nchi, viitane kila wiki, mara moja adhuhuri na mara moja saa kumi usiku, kwa betri pekee.

Fundi wa redio,
Mbale