Usiingie chumba cha upasuaji mapema

Ndugu yangu Idi,

Salamu sana. Sisi wazima, watoto nao hawajambo. Habari za Mzee Salum na lile shamba nitakuandikia siku nyingine, maana ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi.

Unasema unapasuliwa mwezi ujao ili uume uliopinda unyooshwe. Halafu chini yake unasema uume ukisimama bado unauma, na unaona unazidi kupinda. Idi, hapo ndipo roho yangu ilipostuka. Ukiwa bado unauma na bado unabadilika, ugonjwa haujatulia. Kovu lingali linajijenga kwenye ule utando mgumu unaofunika mirija inayojaa damu. Ukinyooshwa leo, kovu likaendelea kukua, utapinda tena na fedha yako imekwenda. Mimi nilipougua ugonjwa huuhuu, daktari wangu alikataa katakata kunigusa mpaka maumivu yaishe na pembe ya mpindo ibaki vilevile kwa miezi kadhaa, si chini ya 3. Kwa wengi safari hiyo huchukua kama mwaka mzima. Najua ni mrefu. Lakini subiri.

Zuberi anakutia haraka kwa mfano wa kaka yake. Mwambie ya kaka yake ni mengine kabisa, yule alizaliwa hivyo. Hana kovu, hana maumivu, hakukuwa na cha kusubiri. Wako umekuja ukubwani.

Na hilo la kwamba ni adhabu ya mambo ya ujanani, tafadhali litoe kichwani. François Gigot de la Peyronie, daktari mpasuaji wa mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1743, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Wanaume wameuugua miaka na miaka, wengi wakanyamaza na kuumia peke yao. Wewe umesema, na mimi nimefurahi umesema.

Sasa uliza unafanyiwa upasuaji upi. Mimi nilifanyiwa ule wa kukunja na kushona upande usio na kovu. Unanyooka vizuri, ila urefu unapungua, kwa sababu upande mrefu ndio unaofupishwa uufuate mfupi. Hilo nililiambiwa waziwazi kabla sijatia sahihi, na wewe uambiwe. Pembe ikizidi nyuzi 60 hivi, wengi huchana kovu na kuweka kiraka. Urefu haupotei sana, lakini hatari ya uume kulegea baadaye ni kubwa zaidi. Na ambaye hata dawa hazimsimamishi tena, huwekewa vijiti ndani. Ganzi ya kichwa cha uume inaweza kutokea kwa njia yoyote. Yangu iliondoka polepole.

Kabla ya hapo daktari alinichoma sindano ubavuni mwa uume, ukasimama palepale kitandani, akaweka kipimo cha pembe cha plastiki kama kile cha shuleni, akasoma nyuzi 45. Aibu niliyoingia nayo iliisha pale, maana yule bwana alikuwa kazini tu. Baada ya upasuaji, kilichonitesa ni usiku: unasimama usingizini bila ridhaa yako, nyuzi za mshono zinavuta, unaamka jasho linakutoka. Vifundo vyake navigusa chini ya ngozi hadi leo. Na kulala na mke ni mpaka wiki 6 zipite, hata ukijiona mzima.

Sikukatazi kupasuliwa, ndugu yangu. Mimi nimefaidika, nyumba yangu imetulia. Ninachokuomba ni tarehe isogezwe.

Niambie basi: huyo daktari amekupima ukiwa umesimama, au amekutazama tu ukiwa umelala? Picha za nyumbani amekuomba? Amekuuliza kama bado una nguvu za kutosha za kusimamisha? Sukari umepimwa? Na kile kidole chako cha pete kinachokunjika kikagoma kunyooka, umemwonyesha? Maana magonjwa haya mawili hufuatana. Shemeji anajua, au bado unalala ukimgeuzia mgongo? Mwambie leo, Idi, kabla hajajijazia sababu zake mwenyewe.

Wapigie hospitali kesho asubuhi uwaombe waahirishe, kisha nipigie mimi. Ukihitaji mtu wa kukaa naye kwa daktari, nitakuja.

Ndugu yako,
Rashidi